Tuni ya Zamani kwa Sekunde 90: Kisa cha Muziki wa Okestra Katika Filamu ya Pili ya Krismasi

Kisa hiki nilikifanyia kazi mwenyewe nikiwa mpangaji wa okestra, yaani yule anayepokea mchoro wa mtunzi na kuamua fidla zipige nini, tromboni zinyamaze wapi na filimbi ipumue saa ngapi. Nimeondoa jina la filamu, kampuni, mji na mwaka, na hadithi yenyewe nimeigeuza kidogo isitambulike. Hesabu za muziki nimeziacha kama zilivyokuwa, maana ndizo zenye mafunzo. Nawaandikia hasa vijana wetu wanaotunga muziki wa filamu kwenye kompyuta na ambao bado hawajasimama mbele ya wapigaji sabini wanaosubiri waambiwe waanzie baa gani, yaani kipimo gani cha mapigo kwenye nota.

## Usuli

Filamu ilikuwa ya vichekesho vya familia, ya msimu wa Krismasi, muendelezo wa nyingine iliyopendwa miaka kadhaa nyuma. Ile ya kwanza ilikuwa na tuni moja ambayo watu waliishika: baa 8 tu, ikianza na selesta peke yake na kuishia na okestra nzima na kwaya ya watoto. Mtunzi wake alikuwa amestaafu. Mtunzi mpya, ambaye nilishafanya naye kazi mara mbili, alipewa wiki 9 atoe dakika 62 za muziki, wapigaji 71, na vipindi 6 vya kurekodi vya saa 3 kila kimoja. Ukigawanya unapata kama dakika tatu na nusu za muziki kwa saa, kabla hujatoa mapumziko. Kwa muziki wa polepole hiyo ni nafasi tele. Kwa muziki wa kukimbizana ni kidogo.

Muziki wa namna hii una vyombo vyake ambavyo msikilizaji akivisikia tu anajua ni Desemba. Selesta, kinanda kidogo chenye vipande vya chuma ndani, ilitoka Paris mwaka 1886 kwenye karakana ya Mustel. Tchaikovsky, mtunzi wa Urusi, alipoisikia alimwandikia mchapishaji wake ailete Urusi kwa siri, akihofia watunzi wenzake Rimsky-Korsakov na Glazunov wasije wakaitumia kabla yake. Aliitumia kwenye baleti yake ya The Nutcracker mwaka 1892, na tangu hapo sauti ile imebaki mali ya Krismasi. Halafu kuna njuga. Mimi nimekulia Tanga, ambako njuga ni za miguuni mwa wachezaji wa ngoma. Kwenye muziki huu ni kengele za farasi wanaovuta gari la theluji. Mtunzi Mmarekani Leroy Anderson aliuanza muziki wake maarufu wa gari hilo Julai 1946, katikati ya joto kali, jambo ambalo lilinipa moyo sana mtu niliyezoea Krismasi ya jua la kaskazi.

Anayetajwa kwenye kila kikao cha kazi hizi ni John Williams, mtunzi wa muziki wa filamu wa Marekani. Filamu ya Home Alone ya mwaka 1990 kwanza alipangiwa Bruce Broughton, ikashindikana kwa sababu alikuwa na kazi nyingine, Williams akaichukua. Muziki ule ulipendekezwa kwa tuzo ya Oscar, na wimbo wake pia. Filamu ya pili ilipotoka mwaka 1992, mwongozaji alikuwa yule yule, Chris Columbus, na mtunzi yule yule, kwa hiyo tuni za zamani zilirudi bila shida na nyimbo mpya zikaongezwa pembeni yake. Sisi hatukuwa na bahati hiyo. Hali yetu ilifanana zaidi na ya filamu ya The Santa Clause, ambayo muziki wake wa 1994 uliandikwa na Michael Convertino na wa sehemu ya pili ya 2002 na George S. Clinton: mgeni anaingia nyumba ya mwenzake, na wenyeji wote wanajua kila kiti kilikuwa kimekaa wapi.

## Wiki tatu za mwanzo

Wiki ya kwanza tulikaa na mwongozaji na mhariri wa picha tukaitazama filamu yote, kuamua muziki uingie wapi na utoke wapi. Kwa miezi minne ya kuhariri, mhariri alikuwa ameiwekea muziki wa muda, kama ilivyo desturi, na karibu wote aliuchukua kwenye filamu ya kwanza. Mwongozaji alikuwa ameisikia tuni ile chini ya picha zake mpya mamia ya mara. Kila tulipouliza anataka nini hapa, jibu lilikuwa lile lile: kama hivi hivi.

Wiki ya pili mwanasheria wa kampuni akaleta habari. Haki za tuni ya zamani zilikuwa zimeuzwa kwa mchapishaji mwingine, na ruhusa ingeweza kuchukua miezi au isipatikane kabisa. Mwongozaji hakulala usiku ule, na mtunzi pia.

Kesho yake jioni mtunzi aliniita, akaketi kwenye piano, akapiga kodi nne, yaani mafungu ya noti zinazolia kwa pamoja: do, la ndogo, fa, so. Ndizo kodi za tuni ya zamani, na ndizo kodi anazozijua mpiga kinanda yeyote wa kanisani; hakuna anayezimiliki. Akauliza: ni tuni gani nyingine inayoweza kukaa juu ya kodi hizi na kusimama peke yake, na siku ruhusa ikija zikaimbwa zote mbili kwa pamoja bila kugombana?

Aliyekulia kwenye kwaya na karatasi ya tonik solfa mkononi anaelewa mara moja swali hilo linataka nini. Sauti ya kwanza ikishika noti ndefu, sauti ya tatu hutembea. Ya tatu ikishika, ya kwanza hutembea. Tuni ya zamani ilikuwa inaruka juu kwenye pigo la kwanza la kila baa na kushika hapo. Kwa hiyo mpya tuliipa kazi ya kungoja. Inanyamaza pigo la kwanza, inaingia la pili, inapanda kwa hatua ndogo, so la ti do, kisha inatua mwishoni mwa baa wakati mwenzake anajiandaa kuruka tena. Baa hizo 8 zilituchukua siku sita. Siku ya nne tulikuwa na tuni nzuri sana iliyokaa vizuri juu ya ile ya zamani, ila ukiiimba peke yake ilisikika kama sauti ya tatu iliyopotelewa na wenzake. Tuliitupa. Nilisikitika, lakini mtunzi alikuwa sahihi: kama ruhusa isingekuja, filamu nzima ingebebwa na tuni hiyo moja.

Mwongozaji alipoisikia mara ya kwanza hakuipenda. Mara ya tatu alianza kuipiga mluzi.

## Mbio ambazo hazikuchekesha

Kipande kigumu kuliko vyote kilikuwa cha babu na mjukuu wakimfukuza mbwa ndani ya ghala la vitu vya kuchezea, dakika 3 na sekunde 10. Tulitengeneza sampuli kwa kompyuta na tukaijaza kila kitu. Babu akiteleza, matoazi. Akigonga kichwa, ngoma. Akishuka ngazi, klarineti zinashuka pamoja naye. Ilionyeshwa kwa watazamaji wa majaribio na vicheko vilikuwa hafifu, ilhali mhariri alikumbuka kwamba picha zile zile, kabla hazijapewa muziki, ziliwahi kuwachekesha watu.

Niliomba kitu kimoja: tuitazame mbio ile bila muziki hata kidogo, na mwongozaji awepo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi minne kuisikia kimya. Babu alipoanguka kutoka kwenye ngazi, mwongozaji alicheka peke yake kwa sauti, akajishangaa.

Hapo tukarudi kwenye funzo la mtunzi wa filamu Elmer Bernstein. Mwaka 1978 mwongozaji John Landis alimwomba aandike muziki wa filamu ya vichekesho ya Animal House kana kwamba ni filamu ya mambo mazito, na Bernstein aliurudia ufundi huo miaka miwili baadaye kwenye Airplane!. Mhusika wa vichekesho hajui kwamba anachekesha. Babu yule anaamini mbwa yule lazima apatikane kabla ya saa sita usiku, basi na okestra iamini hivyo. Kati ya ile migongo ya muziki na matukio, kumi na minne kwa jumla, tuliondoa yote isipokuwa mmoja. Muziki ukawa wa vita hasa: fidla zikikimbia kwa noti fupi fupi, honi zikiita, njuga chini yake kama farasi wa jeshi. Na pale babu anapoachia ngazi, okestra inakatika fremu 12, yaani picha 12 moja moja za filamu, kabla hajafika chini. Filamu ina fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo hiyo ni nusu sekunde ya ukimya. Mshindo. Kisha fidla zinaendelea pale pale zilipoachia, kana kwamba hakuna kilichotokea. Mshindo wenyewe tuliwaachia watu wa sauti za matukio, ambao kwa kweli wanaujua kuliko sisi.

## Sekunde 90

Wiki ya saba ruhusa ilifika, ikiwa na masharti: tuni ya zamani itumike mara tatu tu, na jumla isizidi sekunde 90. Hata noti nne za kwanza zikisikika, hiyo inahesabika kuwa mara moja.

Mwongozaji alitaka itumike mwanzoni kabisa, mtu akikaa tu aijue. Alikuwa na hoja. Watu wanalipia tiketi ya filamu ya pili kwa sababu ya kumbukumbu ya kwanza. Mtunzi alikataa, wakabishana kwa siku mbili, na sikuwa upande wa mwongozaji. Ukimpa mtu zawadi mlangoni, ukumbini utampa nini? Tulikubaliana hivi. Sekunde 11 za kwanza, selesta peke yake, mtoto anapofungua sanduku la mapambo ya zamani, na hapo filamu imeshatembea zaidi ya saa moja. Sekunde 52, familia inapokutana, tuni zote mbili zikiungana. Sekunde 27 za mwisho majina yanapoanza kupita.

Kulikuwa na jambo dogo la kwaya ambalo lingetuingiza matatani. Mwongozaji alitaka watoto waimbe ule wimbo wa kengele uliotokana na Shchedryk ya Mykola Leontovych wa Ukraine. Tuni haina shida ya hakimiliki, Leontovych alifariki 1921. Maneno ya Kiingereza ni mengine: yaliandikwa na Peter Wilhousky mwaka 1936, naye alifariki 1978, kwa hiyo bado yanalindwa. Msaidizi wetu alishayachapa kwenye karatasi za watoto. Tuliyafuta, tukaandika upangaji wetu wenyewe kutoka kwenye tuni ya Leontovych, watoto wakaimba kwa «lu» tu, na naamini ilikuwa nzuri kuliko kama wangeimba maneno.

## Fremu 35

Siku nne kabla ya kurekodi, nota zikiwa zimeshachapwa na kupangwa kwenye majalada, picha ilibadilika. Mhariri alikuwa amekata fremu 35 kwenye mbio za ghalani, kati ya mahali mbwa anapoanza kukimbia na mahali mlango unapojifunga kwa kishindo. Kwa mtazamaji ni sekunde moja na nusu hivi. Kwetu ni maafa, kwa sababu honi zinapiga pamoja na mlango.

Muziki wa sehemu hiyo ulikwenda mapigo 144 kwa dakika. Kwa fremu 24 kwa sekunde, kila pigo ni fremu 10 kamili, na hesabu inakuwa rahisi. Baa 16 za mapigo manne ni mapigo 64, yaani fremu 640. Sasa zilibaki 605. Kuzibana mapigo yote 64 humo kungetupeleka kwenye mwendo wa 152, na fidla zilikuwa tayari kwenye ukingo wa kinachopigika kwa usafi. Kukata mapigo matatu na nusu kungezaa baa moja kilema ambayo watu 71 wangepaswa kuihesabu bila kuizoea. Njia ya tatu ndiyo tuliyoichukua: toa baa nzima. Yanabaki mapigo 60 ndani ya fremu 605, kila pigo ni fremu 10 na kitu kidogo sana, na mwendo unashuka kutoka 144 hadi 142.8. Hakuna sikio litakaloijua tofauti hiyo, na mlango unafunga pale pale na honi.

Niliitoa baa ya 41, ambayo ilikuwa marudio ya 40. Mchapaji wa nota alirekebisha karatasi za wapigaji. Mimi nilizikagua usiku, nikatia saini.

## Siku ya pili studioni

Tulipofika kwenye mbio, mara ya kwanza ilikwenda vizuri hadi katikati, kisha kitu kikaanza kulegea. Kondakta akasimamisha. Mara ya pili vile vile. Mwendo unasikika masikioni mwa kila mpigaji kupitia spika za masikio, kwa hiyo haikuwezekana mtu akachelewa tu. Tukasikiliza kwa makundi: fidla peke yao, sawa, honi, sawa, filimbi, sawa. Tulipofika kwenye njuga ndipo tulipoona. Mpigaji alikuwa nyuma kwa baa moja, tena kwa usahihi kabisa. Alikuwa akipiga kilichoandikwa.

Karatasi ya ngoma na njuga ilikuwa moja, ikitumiwa na wapigaji watatu waliosimama mbali mbali, hivyo ilitolewa nakala tatu. Mbili zilirekebishwa. Ya tatu, iliyokuwa kwenye stendi ya njuga nyuma kabisa karibu na ukuta, ilibaki na baa ya 41. Mimi nilikagua karatasi moja ya kundi hilo nikadhani nimekagua zote. Dakika 22 zilipotea.

Hatukulipia muda wa ziada, lakini kilichofuata kwenye ratiba kilikuwa kipande cha utulivu cha fidla, chelo na kinubi, mtoto akiwa amekaa peke yake dirishani. Tulikuwa tumepanga kukirudia mara nne. Kilipata mara moja.

## Matokeo

Dakika zote 62 zilirekodiwa ndani ya vipindi 6. Kwenye kipande cha sekunde 52, wapigaji walipomaliza mara ya pili waligonga stendi kwa pinde, jambo ambalo hawalifanyi kwa adabu tu. Kwenye onyesho la pili la majaribio mbio za ghalani zilichekesha, na kicheko kikubwa kilitokea ndani ya ile nusu sekunde ya ukimya, kabla babu hajagusa sakafu. Filamu ilitoka Desemba kama ilivyopangwa. Tuni mpya hupigwa sasa mara kwa mara bila ile ya zamani, na kwa mtunzi hilo lilikuwa na uzito kuliko yote.

Kwenye kuchanganya sauti kulikuwa na lalamiko moja: watoto waigizaji hawasikiki wanachosema. Sababu ilikuwa njuga. Sauti yake inakaa juu sana, pale pale zinapokaa «s» na «sh» za maneno. Kwa bahati njema kwenye vipande vyenye maongezi tulizirekodi peke yake baada ya okestra, tukazishusha kila mtoto anapofungua mdomo bila kuigusa fidla hata moja.

## Uchambuzi

Uamuzi uliookoa kazi hii ulifanywa wiki ya pili, kuandika tuni mpya juu ya kodi za zamani bila kusubiri ruhusa. Ungeweza kuonekana kama ujanja wa kisheria, lakini ulikuwa wa kimuziki. Kwa saa nzima mtazamaji anasikia tuni asiyoijua, ikiwa juu ya mpangilio wa kodi ambao sikio lake linaujua, na anahisi kuna kitu kinakosekana bila kujua ni nini. Pale pigo la kwanza lililokuwa tupu muda wote linapojazwa na ile tuni ya zamani, hahitaji kuelezwa kwamba familia imekutana. Tungepewa ruhusa ya bure tangu mwanzo, nina hakika tungeitumia mara ishirini na isingemgusa mtu. Masharti magumu ya mchapishaji yalitupa nidhamu ambayo wenyewe tusingekuwa nayo.

Kuhusu muziki wa muda, kosa letu lilikuwa kungoja hadi wiki ya tano kuomba kutazama bila muziki. Ombi hilo lingefanywa siku ya kwanza. Mwongozaji aliyezoea muziki fulani si mkaidi. Hajapata nafasi ya kuisikia filamu yake. Na sampuli ya kompyuta ilituponza kwa namna yake. Kwenye kompyuta ni rahisi mno kuweka matoazi penye kila anguko, mshale unakwenda, unabonyeza, basi. Ingekuwa lazima kumwomba mtu aliyesimama nyuma ya okestra ayagonganishe mara kumi na nne ndani ya dakika tatu, aibu tu ingetuzuia.

Kuhusu fremu 35, hesabu ilikuwa sahihi na utaratibu ulikuwa mbovu. Akili zote ziliishia kwenye kutafuta suluhisho, na hazikubaki za kuhesabu karatasi. Tangu siku ile, picha ikibadilika sikagui nota kwa kufuata kundi la vyombo. Natembea studioni kabla wapigaji hawajaingia, stendi kwa stendi, hadi ile ya mwisho ukutani, na kwenye kila karatasi nagusa namba ya baa kwa kidole.

Lile la dirishani halina marekebisho. Kipande kilirekodiwa mara moja na ndicho kilichoingia kwenye filamu. Chelo zimepiga vizuri mno, kinubi kimetulia. Kwenye baa ya 9, mtoto anapofuta ukungu kwenye kioo, kiti cha mpigaji mmoja kinalia, kidogo tu, upande wa kulia. Kila Desemba filamu ikionyeshwa, nakisikia.